Fielder NZE121 inatetemeka nikikanyaga breki kwenye 80–100, usukani unacheza. Nianzie wapi kabla ya kununua diski?

Dada_wa_Mbale

Habari zenu ndugu. Gari ni Toyota Corolla Fielder NZE121, injini 1NZ, gia otomatiki, matairi 185/70R14. Nikiwa kati ya kilomita 80 na 100 kwa saa na kukanyaga breki, usukani unacheza kushoto na kulia haraka haraka, dashibodi nayo inatingishika. Nikishuka hadi 40 kunatulia. Nisipogusa breki gari limetulia kabisa, hata kwenye 100.

Pedi za mbele zina miezi minne. Wiki ile ile zilipowekwa, tairi la mbele kulia lilizibwa pancha. Njia ya kila wiki ni Mbale–Kapchorwa, kupanda na kushuka mara tatu.

Fundi mmoja anasema ninunue diski mbili mpya, wa pili anasema tairodi endi (viungo vinavyounganisha usukani na magurudumu), wa tatu ananituma nikasawazishe matairi. Nianzie wapi ili nisilipe mara tatu?

Gia_ya_Pili

Dada, la kusawazisha matairi liweke kando. Tairi lisilo na mizani, au lililovimba nyuzi ndani, litatetemesha usukani hata mguu ukiwa mbali na breki. Wewe umesema bila breki gari limetulia kwenye 100, basi hapo umeshajijibu mwenyewe. Tafuta kwenye breki.

Mzee_wa_Jinja

Mimi ningeangalia tairodi na bushi (raba) za lower arm, mkono wa chini unaoshika gurudumu, kwanza. Barabara zetu zinaua bushi. Pandisha gurudumu kwa jeki, lishike saa tatu na saa tisa ulitikise: likicheza ni tairodi. Shika saa kumi na mbili na saa sita: likicheza ni beringi au boljointi. Bushi ya nyuma ya lower arm itazame kwa tochi, ukiona raba imechanika ujue ndiyo hiyo.

Fundi_wa_Ndeeba

Mzee, ukaguzi huo lazima ufanyike, lakini bushi iliyochoka haitengenezi mtetemeko wa breki, inaukuza tu. Chanzo ni kitu kinachobadilika kila gurudumu linapozunguka mara moja. Akibadilisha bushi peke yake, mtetemeko utapungua halafu utarudi.

Nnyabo (bibi), usukani ukicheza tatizo liko mbele. Kiti na pedali vikirukaruka huku usukani umetulia, hapo unageukia nyuma. Hakikisha hivi: nenda barabara ya Tirinyi asubuhi, kwenye kipande kilichonyooka nje ya vituo vya biashara, lami ikiwa kavu na hakuna anayekufuata. Ukiwa kwenye 60, bonyeza kitufe cha breki ya mkono, usikiachie, kisha vuta pole pole mpaka uhisi gari linashikwa. Kwenye Fielder hii breki ya mkono inashika dramu za nyuma tu. Gari likipungua mwendo bila kutikisika, dramu zako ni nzima. Usijaribu kwenye kona wala kwenye maji: nyuma ikifunga, gari linazunguka.

Sasa kuhusu hizo diski. Watu husema diski imepinda. Mara nyingi haikupinda, ila unene wake haulingani pande zote. Pale penye unene, pedi na pistoni zinasukumwa nje kidogo, mafuta ya breki yanakazwa kwenye mpira wa breki, breki inauma zaidi. Pale palipokonda inalegea. Tairi la 185/70R14 lina mzingo wa karibu mita 1.93, kwa hiyo kwenye 80 linazunguka kama mara 11 na nusu kwa sekunde. Kasi hiyo ya mtikisiko ndiyo inayoamsha springi, bushi na usukani wa gari dogo, nao wanaupokea na kuukuza. Kwenye 40 ni kama mara 6 tu kwa sekunde, unamezwa njiani kabla haujafika mikononi. Ndiyo sababu unatulia ukifika hapo, ingawa diski ni ile ile.

Unene huo usiolingana nao una chanzo chake. Diski ikikaa vibaya kwenye habu (kitovu inapofungwa) inayumba, na kila mzunguko inagusa pedi mahali pale pale hata kama hujakanyaga kitu. Inaliwa hapo kidogo kidogo, na baada ya kilomita elfu kadhaa mtetemeko unaanza. Hesabu miezi yako minne tangu pedi na pancha, utaona inaingia humo. Kwa hiyo ukifunga diski mpya juu ya habu ile ile, utafurahi kwa miezi michache, halafu utaanza tena na diski zitakuwa zimeharibika nazo.

Kabla hujalipa chochote, taka vipimo vitatu:

Kwanza, kuyumba. Magurudumu yametolewa, gia iko N, diski imebanwa kwenye habu kwa nati zote nne zenye washa nene chini yake, zimekazwa sawasawa. Daili geji (saa ya kupimia kuyumba) inasimamishwa kwa sumaku, ncha yake iguse diski milimita 10 kutoka ukingoni. Zungusha kwa mkono, pole pole. Mwisho ni 0.05 mm. Beringi iwe imeshakaguliwa, maana ikilegea kipimo chote kitakudanganya.

Pili, unene, kwa maikromita, sehemu 8 kuzunguka diski, zote milimita 10 kutoka ukingoni. Tofauti kati ya pembamba na panene ikifika 0.02 mm usukani utakuambia. Macho hayawezi kuona hicho, wala rula, wala vernia iliyochoka. Fundi akikuambia "naona imepinda" kwa kuitazama tu, hajapima.

Tatu, unene uliobaki ulinganishwe na nambari iliyochapwa kwenye diski yenyewe, kwenye kofia yake (sehemu ya katikati iliyoinuka) au ukingoni, inaanza na MIN TH, yaani unene wa chini kabisa unaoruhusiwa.

Na pedi zitolewe, zipimwe ya ndani na ya nje, kila upande. Wakati huo uliza nati za gurudumu zilifunguka kwa urahisi gani.

Spea_Kisekka

Kama mwisho wake ni kununua: diski hununuliwa mbili kwa pamoja, kulia na kushoto. Njoo na ile ya zamani mkononi, linganisha kipenyo, urefu wa kofia, tundu la katikati na matundu manne ya bolti. Fielder za modeli hiyo hiyo zinaweza kutofautiana. Diski isiyo na MIN TH iliyochapwa, iache dukani. Diski zilizotumika kutoka Japani zipo nyingi na nyingine ni nzuri, lakini usitoe pesa kabla hujaziona zikipimwa kwa maikromita. Yenye ukingo uliosimama kama mdomo wa sufuria imeshaliwa.

Mpya hupakwa mafuta ya kuzuia kutu. Yaoshwe kwa dawa ya breki, au maji ya moto na sabuni kisha zikaushwe, kabla pedi hazijazigusa. Na usimruhusu mtu azifute kwa kitambaa kilichotoka kufuta injini.

Dada_wa_Mbale

Asanteni sana. Breki ya mkono kwenye 60: gari limepungua mwendo bila kutikisika. Tairodi, boljointi na beringi hazichezi, bushi hazijachanika. Vipimo vya leo:

Kuyumba: kulia 0.13 mm, kushoto 0.04.
Tofauti ya unene: kulia 0.035, kushoto 0.01.
Diski zote mbili zimebaki na 0.9 mm juu ya MIN TH.
Pedi za kulia: ya ndani 5 mm, ya nje 8. Kushoto: 8 na 8.

Nati za kulia ziligoma spana ya gari, ikabidi kuongeza bomba. Za kushoto zilifunguka kawaida.

Fundi_wa_Ndeeba

Kazi nzuri, nnyabo. Sasa hatukisii tena. Upande wa kushoto ni mzima. Kulia kuna mambo mawili, na yote mawili yanatibika bila kununua diski.

La kwanza, pedi. Ya ndani 5 na ya nje 8 maana yake kalipa (kibanio kinachoshika pedi) haitelezi. Pistoni iko upande wa ndani tu. Ikisukuma pedi ya ndani, kalipa nzima inatakiwa iteleze kwenye pini zake mbili ili ivute ya nje. Pini zikikwama, ya ndani inafanya kazi peke yake na inabaki imeegemea diski hata ukiachia pedali. Hiyo inazidisha joto, na inazidisha kuliwa kwa ile sehemu inayoyumba.

La pili, nati. Gurudumu lililokazwa kwa bomba na mguu, nati moja mpaka mwisho kabla ya nyingine, linavuta kofia ya diski upande mmoja. Ongeza na kutu kati ya diski na habu. Punje ya kutu yenye unene wa 0.05 mm kwenye uso wa habu inakuwa kama 0.09 ukifika ukingoni mwa diski, kwa sababu ukingo uko mbali zaidi na katikati.

Utaratibu wa kulia:

Kalipa ifunguliwe na ining'inizwe kwa waya kwenye springi. Isiachwe inaning'inia kwenye mpira wake. Kabla diski haijatoka, piga alama ya rangi kwenye diski na kwenye bolti iliyo mbele yake. Diski ikikataa, ina matundu mawili yenye uzi wa M8: ingiza bolti mbili za M8, kaza moja kidogo kisha nyingine kidogo, itasukumwa nje yenyewe. Nyundo iachwe kwenye sanduku.

Habu isuguliwe kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, hasa pembeni kabisa mwa mashina ya bolti, pale brashi haifiki vizuri na kutu hujificha kama pete. Tumia msasa uliokunjwa au kipande cha bomba chenye msasa ndani, uzungushe kwenye kila shina. Upande wa ndani wa diski nao vivyo hivyo. Pitisha kidole: ukihisi kitu, bado. Usipake grisi hapo, inakusanya uchafu na kurudisha unene.

Rudisha diski, pima kuyumba. Kama bado iko juu ya 0.05, itoe, izungushe tundu moja, pima tena. Una matundu manne, kwa hiyo nafasi nne. Chagua ile yenye kipimo kidogo na uweke alama mpya.

Pini za kalipa zitolewe, zisafishwe, grisi ya zamani iondolewe hata ndani ya tundu. Moja ina raba mwishoni, nyingine haina. Kila moja irudi mahali pake. Grisi iwe ya breki, ile ya silikoni. Grisi ya beringi itavimbisha raba na pini zitakwama tena haraka. Buti iliyopasuka ibadilishwe, maana vumbi na matope ya Sironko ndiyo yaliyoingia humo.

Pistoni irudishwe ndani kwa klampu na pedi ya zamani, pole pole, huku ukitazama tanki la mafuta ya breki lisifurike, yanakula rangi. Pistoni ikigoma, fungua nipo (skrubu ndogo) ya kutoa hewa: ikirudi kwa urahisi hapo, mpira wa breki umevimba ndani na unafanya kama vali, ubadilishwe. Ikiendelea kugoma, kutu iko kwenye pistoni yenyewe, tafuta raba zake na uisafishe.

Pedi za kulia zimeliwa vibaya. Weka pedi mpya pande zote mbili za mbele.

Gia_ya_Pili

Na ile tofauti ya unene ya 0.035 itaondoka vipi? Kusafisha habu hakurudishi chuma kilicholiwa.

Fundi_wa_Ndeeba

Kweli, hakurudishi. Hiyo inakerezwa. Ana 0.9 mm za ziada, kwa hiyo inatosha kuondoa 0.15 kila uso na kubaki na 0.6. Kereza zote mbili ziwe na uso mmoja, ingawa ya kushoto itahitaji kuguswa tu.

Lakini angalieni mpangilio. Wengi wanapeleka diski kwenye mashine Katwe au kwingineko, inarudi imenyooka kama kioo, halafu inafungwa kwenye habu yenye kutu na inaanza kuyumba upya. Habu kwanza, mashine baadaye. Na mashine yenyewe iikamate diski kwenye tundu la katikati na uso ule ule unaokaa kwenye habu, uliosafishwa. Pande zote mbili zikerezwe bila kuifungua na kuifunga tena. Ukipata gereji yenye mashine inayofungwa kwenye gari lenyewe, hiyo ni bora kuliko zote, kwa kuwa inakata ikifuata habu yako ilivyo. Hata hivyo, ikishakatwa hivyo usiigeuze tundu tena.

Kama diski ina madoa ya buluu yaliyotawanyika, msipoteze pesa kuikereza. Hapo chuma kilipata joto kupita kiasi na kimegeuka kigumu ndani kabisa. Kitang'aa siku chache, halafu sehemu laini zitaliwa na yale madoa yatabaki yamesimama.

Dada_wa_Mbale

Hakuna madoa ya buluu. Nati zikazwe kiasi gani? Na wenye pancha wetu hawana spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza).

Fundi_wa_Ndeeba

Nati za gurudumu za Fielder: 103 Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Zianze kwa mkono zote nne gurudumu likiwa hewani, kisha kaza kwa mkato, moja halafu ile inayoitazama, kwa raundi mbili, na raundi ya mwisho gurudumu likiwa limegusa chini. Bolti mbili za pini za kalipa ni karibu 34 Nm tu, wengi huzivunja kwa nguvu. Zile kubwa mbili za breketi ni karibu 107.

Bila spana ya toki: mpini wa sentimita 40, ukisukumwa mwishoni kwa uzito wa kilo 26 hivi, ndiyo 103 Nm. Ni kama nusu ya mfuko wa saruji. Mtu akipanda juu ya spana kwa miguu yote miwili ameshazidisha zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo ukizibwa pancha, waombe wakaze kwa mkono wa kawaida, halafu ukifika nyumbani legeza na ukaze upya wewe mwenyewe. Baada ya kilomita 100 kaza tena.

Dereva_wa_Sipi

Niongeze la mteremko, kwa sababu diski zikishakerezwa ni nyembamba kidogo na zitapata joto haraka zaidi. Kushuka kutoka Kapchorwa hadi Muyembe usikanyage breki kwa muda mrefu bila kuachia. Zima O/D (overdrive, gia ya juu kabisa), na penye mteremko mkali weka 2, injini ishikilie. Mwendo ukipanda, kanyaga kwa uthabiti, upunguze kilomita 15 au 20, kisha achia kabisa ili upepo upite. Kukanyaga kidogo kidogo njia nzima ndiko kunakopika pedi.

Ukifika chini na breki zinanuka, usisimame na kuganda mguu juu ya pedali. Pedi ya moto iliyobanwa mahali pamoja huacha tabaka lake kwenye diski, na tabaka hilo nalo huleta mtetemeko. Endesha kilomita mbili tatu bila breki, au simama ukiwa umeweka P na jiwe nyuma ya tairi. Na usipeleke gari kuoshwa magurudumu yakiwa bado ya moto.

Mafuta ya breki yana umri gani? Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye 205 °C au zaidi, lakini huvuta maji kutoka hewani, na yakishalowa kiwango chake hushuka hadi 140. Kwa njia yako hiyo si salama. Yabadilishwe kila miaka miwili. DOT 4 inaweza kutumika kwenye mfumo huo pia, nayo huanzia 230 ikiwa mpya.

Breki_za_Lira

Samahani kuingilia. Langu pedali ndiyo inarukaruka, usukani umetulia, na nyuma kuna dramu. Nikivuta breki ya mkono kwenye 60 linatikisika vile vile.

Fundi_wa_Ndeeba

Basi dramu moja au zote mbili si duara tena. Zitoe kwa zile zile bolti mbili za M8, breki ya mkono ikiwa imeshushwa. Pima kipenyo cha ndani mara nne kwa kuzungusha; vipimo vikitofautiana kwa 0.1 mm, ndiyo hiyo. Inakerezwa mradi isizidi nambari iliyochapwa, safari hii ni MAX, kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa. Chunguza pia kama silinda ndogo inavujisha mafuta kwenye viatu vya breki, maana hapo kukereza pekee hakusaidii. Ila kama kuruka kunatokea tu kwenye murram au lami yenye maji, pamoja na mlio wa kukoroma kwa mbele, hiyo ni ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasifunge) inafanya kazi yake, usiiguse.

Dada_wa_Mbale

Imekamilika. Habu ya kulia ilikuwa na pete ya kutu kuzunguka mashina mawili ya bolti, kama ulivyosema. Baada ya msasa kuyumba kulishuka hadi 0.07, baada ya kugeuza tundu mbili 0.03. Pini ya chini ya kalipa ilikuwa imeganda, buti imepasuka. Diski zimekerezwa, zimebaki na 0.6 juu ya MIN TH, tofauti ya unene sasa haifiki 0.005 pande zote mbili. Pedi mpya, DOT 4 mpya. Kwenye 100 usukani umetulia.

Pedi mpya nizizoeze vipi kabla ya Kapchorwa?

Fundi_wa_Ndeeba

Mara 10, kutoka 60 hadi 10, kwa nguvu ya wastani, bila kusimama kabisa, na kati ya moja na nyingine endesha kama nusu dakika zipoe. Kisha kilomita chache bila breki. Kwa kilomita 200 za mwanzo epuka kukanyaga ghafla, isipokuwa kwa dharura.

Baada ya kilomita 5,000 toa gurudumu la kulia na pima pedi. Ya ndani na ya nje zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 1, fungua pini ya chini kwanza.